Nne Alisema Nani?

Mkwe wangu alikuwa na tabia ya kutuhesabu. Tukitoka chumbani anahesabu, tukishuka kwenye lifti anahesabu. Hageuki nyuma, maana mkono mmoja umeshika mkoba wa vyeti na mwingine makoti na chupa za maji. Anasema tu, "Haya," nasi tunajibu kwa zamu. Mimi ni moja, kwa sababu ya uzee. Yeye ni mbili. Mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja ni tatu. Mdogo wake wa miaka minne, tuliyemwita Kipipa kwa ajili ya lile tumbo lake, ni nne.

Tulikuwa ugenini, nchi ya watu, tulikomfuata baba yao, mwanangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyepata kazi ya mwaka mmoja. Yeye anatoka alfajiri, sisi tunabaki kuhangaika na makaratasi. Lugha yao hatuijui. Mimi hata ya kwetu naisoma kwa kudonoadonoa, sembuse hiyo. Lakini ngoja niwarudishe kwenye hesabu.

Kipipa akiwa na usingizi, au akiona kitu cha kushangaa, hajibu. Utamngoja mpaka miguu ife ganzi. Basi dada yake, ambaye huiga sauti za watu mpaka tukamwita Kasuku, akaanza kumjibia kwa kasauti kembamba: "Nne." Mama yao anasema haya twendeni. Mara ya kwanza nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kuanguka. Kasuku kuona babu anacheka, akajua amepewa ruhusa.

Wiki ya pili tukaenda ofisi ya vibali. Jengo refu, milango ya vioo inayofunguka yenyewe kwa yeyote anayeisogelea, hata awe na kimo cha goti. Nje kuna barabara pana, na magari yake hayana subira. Tulikaa humo tangu asubuhi, mara tupande, mara tushuke, mara tuonyeshwe kwa kidole turudi juu. Tulipogongewa muhuri mama yao alikuwa hoi, na basi letu ndiyo linaingia kituoni.

"Haya," akasema huku anakimbia.

Moja, mbili, tatu, nne. Tukajitosa ndani, kila mtu akasimama alipopata.

Tulishuka kituo cha tatu. Mama yao akahesabu tena. Safari hii Kasuku alinyoosha mkono kumshika mdogo wake kabla ya kumjibia, mkono ukashika hewa. Nne haikuja.

Mkwe wangu aligeuka. Makoti yakamdondoka. Basi lilikuwa limeshakata kona, na yeye akawa anarudia kwamba mtoto amebaki ndani, alipanda, si alimsikia mwenyewe akijibu? Akasimamisha teksi, akawa anamwonyesha dereva kule basi lilikokwenda.

Mimi nilimtazama Kasuku. Midomo imemkauka, anasokota pindo la gauni lake. Nikamsogelea, maana ile sauti naijua.

"Mjukuu wangu, ile nne alisema nani?"

"Babu, mama atanichukia."

"Sasa hivi hana nafasi ya kukuchukia. Nenda."

Mama yao alishaweka mguu mmoja ndani ya gari. Kasuku akakimbia, akaushika mlango.

"Mama, hayumo kwenye basi. Nne nilisema mimi. Sikumwangalia."

Nilidhani atampiga kofi. Hakumpiga. Alimuuliza tu alimwona wapi mara ya mwisho.

"Kwenye tangi la samaki. Pale karibu na milango."

Milango ile. Tukamwonyesha dereva karatasi yenye picha ya jengo, akageuza. Kila taa njiani ilikuwa nyekundu. Mimi nilitazama pembeni mwa barabara, natafuta kitu ambacho sikutaka kukiona.

Tulipoingia, samaki walikuwepo. Kipipa hakuwepo.

Mkwe wangu akashikilia ukuta. Ndipo tukasikia kasauti kutoka nyuma ya meza ya mlinzi: "Nne." Kumbe amekalishwa kwenye kiti cha mlinzi, kofia ya mlinzi imemfunika mpaka puani, machozi yamemkaukia mashavuni. Mlinzi na makarani wawili wamemwinamia, wanamuuliza kwa lugha yao, nadhani jina lake, nadhani kwao wapi. Kila swali anajibu, "Nne." Maskini mlinzi akatuinulia vidole vinne, hajui afanyeje.

Mama alimkumbatia mtoto muda mrefu. Kisha akamvuta na Kasuku.

"Ninapohesabu sitafuti sauti," akamwambia. "Nawatafuta ninyi. Ukimjibia mtu ambaye hujamwona, unanifumba macho. Kosa umefanya. Lakini ungenyamaza kidogo tu, ningekuwa nalifukuza basi mpaka mwisho wa mji, na huyu yuko hapa na milango hii. Umesema kweli huku unaogopa, na hiyo ndiyo imetuleta."

Nikakohoa. Nikasema nami nilijua mchezo ule, tena niliucheka.

"Na wewe, Baba?" akasema. Basi, maneno matatu tu, lakini nilitamani ile kofia ya mlinzi inifunike mimi.

Kesho yake tulisimama mlangoni petu. "Haya." Moja. Mbili. Tatu. Kasuku akafunga mdomo. Kipipa alikuwa anamtazama mdudu ukutani. Tukangoja. Basi likaja, likapita, tukaliangalia linavyokwenda. Hakuna aliyemsaidia.

"Nne," akasema Kipipa, alipomaliza na mdudu wake.

Mama yao akageuka kumtazama, ndipo tukatoka.