Mawe Yaliyoachwa Barabarani

Matawi yalikuwa mabichi. Hilo ndilo lililomshtua Siwema kwanza, kabla ya tairi, kabla ya yote. Yalikuwa yamelazwa juu ya lami, tawi moja kila baada ya hatua chache, kama afanyavyo dereva yeyote gari likimharibikia, ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Ila mbele hapakuwa na gari. Palikuwa na barabara tupu, nyasi za hifadhi ya Mikumi pande zote mbili, na jua la saa kumi.

"Baba Joha, punguza mwendo," alisema.

"Wameshaondoka hao. Wanatengeneza, halafu wanatuachia takataka zao," Mudathir alijibu, na mguu wake ukabaki palepale kwenye mafuta.

Alikuwa na haki ya kukimbia. Joha, binti yao wa miaka miwili, alilala mapajani mwa mama yake, viganja vyeupe pe, pumzi fupifupi. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Tabibu wa zahanati hakuwazungusha: mtoto afike Morogoro kabla ya giza, aongezewe damu, la sivyo hawatakuwa naye kesho.

Tairi lilipasuka palepale tawi la mwisho lilipoishia. Enzi zile za ruksa, jamani, kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na matairi vipara kutoka Dubai nayo yakaingia. Tukayafunga kwenye magari yetu tukajiona tumeendelea.

Mudathir hakuwa dereva wa kubahatisha. Aliisogeza pikapu pembeni hadi magurudumu yote yakatoka kwenye lami, akavuta breki ya mkono, akawateremsha mke na mtoto wakae mbali na barabara. Akaenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Hakuhangaika. Yalikuwepo manne pale ukingoni, yamepangwa mstari, yanamngoja. Siwema alimwona amesimama akiyatazama, mkono kiunoni.

"Vipi?"

"Hamna kitu."

Akayaweka. Akalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki, akatoa tairi bovu, akavisha la akiba. Akakaza nati kwa kukingamisha, ya juu halafu ya chini yake, zote sita, kisha akashusha jeki na kukaza tena. Alipomaliza ya sita akaigusa ya kwanza. Ilikuwa inazunguka kwa kidole.

Akaikaza upya. Ikalegea upya. Ndipo ilipokuja harufu ya mpira ulioungua na petroli, nzito hadi kooni, ilhali upepo ulikuwa umetulia na hakuna gari lililopita tangu wasimame. Na Siwema akasikia ndani ya nyasi mtu anatembea akiburuta mguu, taratibu, akisimama kila Mudathir aliposimamisha spana, akiendelea kila alipoendelea, hadi hatua zile zikafika nyuma ya pikapu na zisitokeze upande wa pili.

"Baba Joha," alinong'ona, "kuna mtu."

"Najua." Hakugeuka. "Usimtazame."

"Nani?"

Mudathir alikuwa amepiga magoti, spana mkononi. "Mwaka jana nilipata pancha hapahapa. Tembo wakawa wanavuka, nikaogopa, nikaondoka mbio. Mawe nikayaacha kwenye lami. Jioni ile mwalimu Melkizedek wa kijiji cha Ulaya akayavaa na pikipiki."

Siwema alikuwa amekwenda kwenye msiba ule. Mumewe naye alikwenda, akala wali wa watu, akampa mjane pole kwa mikono miwili. Na mwaka mzima amelala naye kitanda kimoja bila kulisema! Lakini Joha alikuwa anakoroma kifuani pake, na hasira ilibidi ingoje.

"Yatoe," alisema. "Yatoe yote, umwombe radhi. Mwanangu anakufa."

Mudathir akabeba jiwe la kwanza, akalipeleka nyasini. "Mwalimu, nisamehe." Akarudi, akabeba la pili. La tatu. Siwema akainama kujaribu nati. Zilikuwa zimekaza, hata moja haikucheza. Akapanda garini na mtoto, akamwona mumewe anaingia nyasini na jiwe la nne, kubwa kuliko yote, anakwenda mbali kuliko mara zote.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa amevaa shati la Mudathir, la buluu, lakini mguu wa kushoto aliuinua kwa mikono akauingiza garini, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia pamoja naye, ikajaa. Siwema hakuutazama uso. Alitazama mikono iliyoshika usukani. Ngozi ya vifundo ilikuwa imekwanguliwa na lami.

"Nilikuwa naenda Morogoro," ilisema sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa. "Sijafika. Huyu mtoto naweza kumfikisha. Baba yake abaki na mawe yake."

Injini ikawaka. Na kutoka nyasini, mbali, Mudathir akaita.

"Mama Joha! Nisubirini! Mama Joha!"

Alimpenda mumewe, asikudanganye mtu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Lakini kuendesha hakujua, jua lilikuwa linaegemea milima, na barabara ile haikuwa imeleta gari hata moja. Pumzi ya Joha ikakatika. Siwema akahesabu moyoni hadi nne, ndipo ikarudi, nyembamba, kwa shida.

"Mama Joha!"

Aliuondoa mkono kwenye kitasa, akapandisha kioo hadi juu. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto usoni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Twende."

"Marahaba," ikajibu sauti, na pikapu ikaingia barabarani.