Tarumbeta na Kitenge cha Mama

Asubuhi ile Mama alipuliza moto jikoni, kama kila siku.
Fuu! Fuu! Fuu!

"Tazama, Mkunde," alisema Mama. "Limebaki kaa moja tu. Lakini moto mdogo si mnyonge."
Moto ukawaka. Uji ukachemka. Mkunde akanywa, akalamba kikombe.

Kesho yake Mama aliugua. Hakupona.
Mama alikufa, wakamzika nyumbani, karibu na migomba.

Tangu siku hiyo tarumbeta la Baba lilinyamaza.
Lilining'inia ukutani. Baba alikuwa amelifunika kwa kitenge cha Mama, kile chenye kuku wa njano.

Sasa ilikuwa mkesha wa Krismasi.
Huku mlimani, alfajiri ya Krismasi, bendi ya kanisa hupita nyumba kwa nyumba. Paa, paa, paaa! Amkeni! Mwokozi amezaliwa!

Jioni, Mzee Ndosi, kiongozi wa bendi, alibisha hodi.
"Shikamoo, Babu," alisema Mkunde.
"Marahaba, mjukuu wangu. Baba Mkunde, kesho njoo. Bila wewe tunalia kama mbuzi wenye njaa!"

Baba alitabasamu kidogo tu.
"Nitamwacha Mkunde na nani? Zamani alibaki na mama yake. Tena sina pumzi, Mzee."
"Tutapita hapa mlangoni," alisema Mzee Ndosi. Akaenda zake.

Baba akatoka kumkatia ng'ombe majani.
Mkunde akapanda juu ya kigoda. Akalishusha tarumbeta, polepole.

Maskini tarumbeta! Lilikuwa limefifia.
Mkunde alijua la kufanya. Shaba husuguliwa kwa majivu na limau. Alimwona Baba akifanya hivyo mara nyingi.

Akasugua nje. Sugu, sugu, sugu.
Kisha akalijaza majivu ndani pia, ili na ndani kung'ae!

Akavimbisha mashavu. Akapuliza kwa nguvu zake zote.
PUUU!
Majivu yote yakaruka mlangoni. Na mlangoni alikuwa amesimama Baba.

Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Pua yake ilikuwa nyeupe. Hata majani ya ng'ombe yalikuwa meupe.
Mkunde aliogopa.

Baba alipiga chafya. Chaa!
Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mkunde hakuwa amesikia kicheko hicho kwa muda mrefu.

Wakaliosha tarumbeta pamoja, nje na ndani.
"Baba, Mungu ana nguvu?"
"Sana."
"Kuliko fahali wa Mzee Ndosi?"
"Fahali yule mbele ya Mungu ni kifaranga."

"Mbona basi alikuja akiwa mtoto mchanga? Mtoto mchanga hata shingo yake haijakaza!"
Baba akaacha kuosha. Akafikiri.
"Mwenye nguvu kweli haogopi kuwa mdogo," alisema. "Yeye hakuogopa hata kubebwa."

"Basi kesho nibebe na mimi! Mgongoni, kwa kitenge cha Mama. Halafu upige tarumbeta."
"Ee, Mkunde! Wanaume hawabebi watoto mgongoni. Bendi nzima itanicheka."
"Unaogopa?"

Baba akamlaza kitandani, akamfunika blanketi mpaka kidevuni.
"Baba, kweli huna pumzi?"
"Ninayo kidogo tu."
"Pumzi ndogo si nyonge," alisema Mkunde.
Akapiga miayo. Akalala.

Alfajiri ilikuwa na baridi. Kutoka mbali ikasikika bendi ikija. Paa, paa.
Baba alikuwa jikoni, amepiga magoti.
Fuu! Fuu! Fuu!
Moto ukawaka. Uji ukachemka.

Mkunde alipomaliza kunywa uji, Baba alichukua kitenge chenye kuku wa njano.
Akainama. Akamweka Mkunde mgongoni. Akafunga fundo kifuani. Akalivuta, akafunga tena.
Kisha akachukua tarumbeta, akafungua mlango.

"Loo!" alisema mpiga ngoma. "Baba Mkunde, leo umekuwa mama?"
"Leo tunakumbuka Mungu alivyobebwa na mama yake," alisema Baba. "Mimi ni nani nisibebe?"

Hakuna aliyecheka.
Mzee Ndosi alivua kofia yake ya sufu. Akamvika Mkunde. Ikamfunika mpaka puani!

Baba hakugeukia barabara kwanza. Aligeukia migomba, pale alipozikwa Mama.
Akavuta pumzi. Mkunde alisikia mgongo wa Baba ukijaa, ukijaa, ukijaa.

Paa, paa, PAAA!

Taa ya kwanza ikawaka kilimani. Ikawaka ya pili.
Baba akapanda njia, mbele ya bendi yote, na mtoto mgongoni.