Kisima Kilichoingiwa na Bahari

Enyi majirani mnaochota maji bila kuuliza yanatoka wapi, hebu nitegeeni sikio. Nitakayoyasema yaliwapata watu wa kawaida kabisa, kama mimi na nyinyi.

Palikuwa na mshonaji mmoja aliyekaa na mumewe karibu na bahari, mahali pakame ambapo mvua hunyesha kwa nadra. Uani mwao palikuwa na kisima cha maji matamu, na nyuma yake shamba la nyanya. Kila asubuhi mshonaji alitoa cherehani barazani, na wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa nyumba ya pili, akaja kuchota maji na kupiga soga. Wifi alikuwa mjamzito, baada ya kungoja miaka mingi.

"Wifi, mbona hiyo nguo ya mtoto kubwa hivyo? Unadhani nitazaa askari?"

"Kwa unavyokula, huyo atatoka na ndevu!"

Walicheka mpaka mshonaji akapoteza mshono.

Mumewe watu walimwita Mabomba. Hoteli ya ufukweni ilipotafuta maji ya kumwagilia majani na kujaza bwawa la kuogelea, yeye ndiye aliyeichangamkia kazi. Akafunga pampu kubwa kwenye kisima chao, ikanguruma kutwa kucha. Mpimaji wa idara ya maji alipita, akapima kisima, akatikisa kichwa.

"Mzee, huko chini maji matamu ndiyo yanayoizuia bahari. Ukiyavuta kupita kiasi, bahari inaingia. Ipumzishe pampu."

"Bahari iko kule, kisima kiko hapa," Mabomba akamjibu. "Au bahari nayo imeota miguu?"

Watu wakacheka. Mpimaji akaenda zake.

Haukupita muda, sabuni ikawa haitoi povu. Birika likafanya ukoko mweupe. Majani ya nyanya yakaanza kuungua pembeni kama yaliyopigwa pasi. Siku moja Mabomba akaingia na dumu la maji kutoka mjini, akalificha chumba cha ndani.

"Haya ni yetu wawili. Usimwambie mtu. Hoteli wakisikia, kazi imekwisha."

"Na wifi je? Ana mimba yule."

"Ni dada yangu, nimtakie mabaya? Chumvi kidogo haijamuua mtu."

Mshonaji akanyamaza. Msimhukumu haraka, jamani. Wangapi kati yetu tumenyamaza ili nyumba ikae kwa amani?

"Wifi, maji siku hizi yana ladha gani hii?" dada mtu akauliza asubuhi iliyofuata.

"Ni kiangazi tu," akajibu mshonaji, macho kwenye sindano.

Wifi akaamini, akayazoea. Miguu yake ikavimba hata ndala hazikumtosha, kichwa kikawa kinamgonga. Kliniki wakakuta presha imepanda, wakamwambia apunguze chumvi. Naye alitii!

"Mboga naila chapwa, kama dawa," alisema, kisha akachota bakuli la maji ya kisima na kuyanywa yote kwa kiu.

Mshonaji alifungua kinywa. Akasikia mumewe akikohoa mlangoni, akakifunga.

Wiki hiyohiyo wifi alianguka palepale kisimani, mwili ukimtetemeka, macho yamegeuka. Wakamkimbiza hospitali. Yeye aliokolewa. Mtoto alitoka kimya.

Jioni muuguzi akauliza, "Nyumbani mnakunywa maji gani?"

Mabomba akatazama sakafu. Mkewe ndiye aliyejibu. "Ya kisima. Yameingia chumvi. Sisi... sisi wenyewe tuliacha kuyanywa."

Muuguzi akavuta pumzi. "Presha ina sababu nyingi. Lakini mwenye presha kunywa maji ya chumvi kila siku, hilo si jambo la kufanyia mzaha."

Kutoka kitandani wifi akauliza, "Kaka, ulijua?"

Mabomba akatoka nje.

"Na wewe, wifi?"

"Nilijua."

Akageuka, akatazama ukuta.

Pampu ikazimwa, lakini bahari haikurudi ilikotoka. Shamba la nyanya likakauka, hoteli ikatafuta mwingine, visima vya majirani navyo vikaharibika kimoja baada ya kingine. Sasa mtaa mzima hupanga foleni kwenye tangi la mbali. Siku moja mshonaji alimwona wifi nyuma yake, akasogea ampishe.

"Pita mbele, wifi yangu."

"Asante, mama," yule akasema kwa adabu, kama anayeongea na mtu asiyemjua. "Nitangoja zamu yangu."

FUNZO

Maji ya chini ya ardhi hayajui ukuta wa nani uko wapi. Anayeyavuta bila kiasi anawavutia jirani zake bahari, na ikishaingia, inaweza kuchukua umri mzima wa mtu kuondoka. Tuwasikilize wanaopima, tuzipumzishe pampu zetu, na maji yakibadilika ladha tuulize na tuambizane siku hiyohiyo. Nawe unayejua ukanyamaza, usijitoe. Mabomba alikiharibu kisima. Lakini aliyeulizwa na mjamzito juu ya maji yake, akasema ni kiangazi tu, hakuwa Mabomba.