Majirani wa Kwenye Ramani

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kufagia maranda kwenye karakana ya baba. Baba ni seremala, na vitanda vyake havina mpinzani, ila vinakaa hapo mpaka vinashika vumbi. Jumamosi hiyo shangazi, dada yake baba, alikuwa ameketi juu ya kitanda kimojawapo, kompyuta mapajani. Yeye ni mtaalamu wa takwimu. Hupima kama kata zenye kipato kidogo zinazifikia kata zenye kipato kikubwa, au zinaachwa nyuma.

Nikachungulia. Kata yetu ilikuwa imepakwa kijani.

"Kijani maana yake nini, shangazi?"

"Maana yake mtaifikia Kata ya Sokoni bila msaada. Mnapakana nayo, na kata yenye uwezo huinua jirani zake. Kwa hiyo daraja mliloliomba litajengwa kwingine."

Damu ikanichemka. "Ramani yako inasema uongo!"

"We mtoto, adabu!" baba akafoka.

"Nisamehe, baba, lakini sinyamazi. Kati yetu na Sokoni kuna mto! Kuzunguka ni mwendo wa saa tatu. Huo ni ujirani gani?"

Baba akafungua mdomo anikemee tena, akavitazama vitanda vyake, akapangusa vumbi kwenye kimoja.

Shangazi akafunga kompyuta. "Haya, Pilipili, vaa viatu. Tukaupime huo mwendo."

Hapo nikabanwa. Zile saa tatu nilikuwa nimezitia chumvi. Nikampitisha njia ndefu, nyuma ya tanuri la matofali. Shangazi akahema, mkanda wa kiatu ukakatika, nami nikafurahi kimoyomoyo. Tulipokaribia Sokoni tukakutana na mteja wa baba.

"Pilipili! Mbona mmezungukia huko? Njia fupi imefungwa?"

Shangazi akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningeweza kusema imefungwa, na yule mteja angeamini.

"Haijafungwa," nikasema. "Nilitaka tuchelewe."

Shangazi hakunigombeza. "Basi turudi kwa hiyo fupi," akasema, akaitazama saa yake ya mkononi.

Ilituchukua saa moja na dakika hamsini.

Karakanani alikaa tena kitandani, mguu mmoja peku. "Nilihesabu majirani kwa mipaka inayogusana," akamwambia baba. "Kosa ni langu. Sasa nahesabu kwa muda wa mwendo." Akabonyeza, tukangoja. Kata yetu ikageuka nyekundu. Baba akaangua kicheko, sijawahi kuona mtu anafurahia hivyo kuambiwa ameachwa nyuma!

Kisha shangazi akanigeukia. "Umenibishia, na ulikuwa na haki. Usiache. Lakini ningeandika zile saa tatu zako, wakubwa wangetuma mtu mmoja tu aje kupima, na ripoti yote ingetupwa, pamoja na daraja lenu. Saa moja na dakika hamsini zinatosha kabisa. Ukibisha, mwanangu, bisha kwa ukweli mtupu."

Niliinamisha kichwa, lakini sikuona aibu ya kubisha. Niliona aibu ya chumvi.

Sasa daraja limekwisha kujengwa. Jana baba alipeleka vitanda viwili Sokoni, nami nikavuka naye nikiwa na saa aliyonipa shangazi mkononi. Dakika kumi na mbili. Nikapima tena wakati wa kurudi, zikawa zile zile, nikamwandikia shangazi kumi na mbili, ingawa kumi ingependeza zaidi.