Mwiko Mlangoni kwa Sadock

Jumapili Waisiko huamka mapema kuliko siku za shule, kwa sababu maji lazima yachotwe kabla ya kwenda kanisani. Siku hiyo alikuwa ameshatua ndoo ya pili na kufagia nusu ya uwanja mama yake alipoita kutoka jikoni.

"Waisiko! Mwiko wangu uko wapi? Uji unashika chini!"

Waisiko aliinama akazidi kufagia kana kwamba hakusikia. Alijua vizuri mwiko ulipo. Ulikuwa umelazwa mlangoni pa chumba cha kaka yake, Sadock, na aliyewapa watu waulaze pale ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianza jana yake jioni. Felix, mtoto wa Mzee Mniko, alikuja mbio akipiga yowe kwamba wezi kutoka ng'ambo ya mto wamechukua ng'ombe wanne wa baba yake machungani. Alisema walikuwa saba, wote na mapanga, na kwamba alipambana nao peke yake mpaka nguvu zikamwishia. Shati lake halikuwa hata na kunyanzi moja, lakini nani ana muda wa kukagua shati la shujaa? Vijana wakaanza kunoa mapanga na kuhesabu mishale. Walipanga kuvuka mto Jumapili, baada ya ibada, kana kwamba Mungu akishaimbiwa huangalia pembeni.

Sadock peke yake ndiye aliyekataa.

"Kama wameibwa, twendeni polisi, au tukawaulize wenzetu wa ng'ambo," alisema. "Kushika silaha nikamuue mtu, hapana. Kanisani sikufundishwa hivyo."

Walimcheka, na Felix alicheka kuliko wote. Huyo Felix kwa mdomo anaweza kupigana vita vitatu kabla ya chai, ila kuni za mama yake hapasui. Waisiko aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kaka mwenye mabega mapana vile, halafu mwoga! Vijana walipomnong'oneza awaletee mwiko, ili Sadock ajue mahali pake ni jikoni, aliuleta haraka na akacheka nao.

Tena kulikuwa na jambo alilolificha. Jana saa kumi, alipotumwa chumvi, alimwona Felix kwenye kibanda umiza, amekaa benchi la mbele, anatazama mpira kwenye televisheni. Saa kumi hiyo hiyo ndiyo Felix alidai alikuwa akipambana na wezi saba. Waisiko alinyamaza. Alimpenda shujaa yule, na hakutaka kumharibu.

Mama yake, Bernadetha, alitoka jikoni akauona mwiko. Aliutambua kwa ncha yake iliyoungua. Akautazama, kisha akamtazama binti yake. Afadhali angemchapa.

Sadock naye alifungua mlango, akauokota. "Mama, naomba uniazime leo."

"Chukua," mama alijibu. "Uji wenyewe umeshaungua."

Baada ya ibada kijiji kizima kilikusanyika uwanja wa mnada. Mashujaa walikuwa wamesimama mbele, mmoja amevaa kofia ya pikipiki ili kichwa chake, ambacho hakikuwa na kazi nyingi, kisidhurike. Mzee Mniko, ambaye ndiye aliyeongoza wazee, alisimama.

"Sadock, chukua panga uende na wenzako. La sivyo leo unatengwa, wewe, mama yako na dada yako. Hakuna wa kuwasalimia. Hakuna wa kuwauzia hata kiberiti. Akifa mtu kwenu, mtazika wenyewe."

Waisiko hakuwa amefikiria kwamba kicheko cha jana kingefika huku.

Mchungaji Irine wa kanisa la Mennonite akapita mbele, akasimama kando ya Sadock. "Shikamoo, Mzee Mniko. Ukimtenga huyu, ututenge na sisi. Waliotutangulia katika imani yetu walifungwa jela kwa kukataa kushika silaha. Hatutazishika leo kwa sababu ya ng'ombe wanne." Nyuma yake walisimama waumini kumi na wawili, wengi wao kina mama, na babu mmoja mwenye gongo.

"Tazameni jeshi la miko!" Felix alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Sadock aliinua mwiko juu. "Asante, mura, kijana mwenzangu. Mmenipa mwiko, nimeupokea. Kumwaga damu ya mtu kwangu ni mwiko. Je, ninyi hamna mwiko?"

Kicheko kilipungua. Felix aliona watu wanamponyoka. "Maneno matupu! Mimi nilipigana na watu saba!"

"Saa ngapi, kaka Felix?"

Watu waligeuka. Alikuwa Waisiko, magoti yakimtetemeka.

"Saa kumi. Si nilishasema?"

"Saa kumi ulikuwa kibanda umiza, benchi la mbele. Nilikuona nikienda dukani. Ulikuwa unashangilia goli." Akamgeukia kaka yake. "Na mwiko huo ni mimi niliyewapa. Nisamehe, kaka Sadock."

Mzee Mniko alimgeukia mwanawe taratibu. "Felix. Ng'ombe uliwaacha na nani?"

Shujaa wa wezi saba hakuweza kumtazama mzee mmoja. "Niliwaacha kidogo tu, tata. Niliporudi hawakuwepo."

Mchungaji Irine, Sadock na waumini wakavuka mto mikono mitupu kuwaulizia ng'ombe. Hawakukawia. Ng'ombe walikuwa kwenye zizi la mzee mmoja aitwaye Nyamhanga, ambaye shamba lake la mtama walikuwa wamelila nusu.

"Mbona mmechelewa?" aliwauliza. "Tangu jana nawangoja wenyewe. Wanakula hawa, wanakula!"

Ng'ombe wakarudi kwao wakitembea polepole, wameshiba, wakati wale waliotaka kufa kwa ajili yao wakirudi majumbani kwa njia za nyuma, mapanga wameyaficha ndani ya makoti. Mzee Mniko alimwomba Sadock radhi mbele ya watu. Felix aliambiwa kesho yake alfajiri avuke mto, akalilime upya shamba la Nyamhanga mpaka mtama uote.

Jioni Waisiko alikaa jikoni na mama yake, maji ya ugali yakichemka.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia. Ulimdharau mtu aliyekataa kuua, ukamheshimu mwongo. Leo watoto wa watu wangekufa kwa sababu ya mpira, na wewe ulikuwa unajua." Alimwaga unga. "Kaka yako alichekwa na kijiji kizima na hakuyumba. Na wewe ulisema kweli huku unatetemeka. Huo ndio ushujaa, mwanangu, panga halina ushujaa wowote. Ila siku nyingine useme mapema, kabla mtu hajaanza kunoa."

Sadock aliingia na kumwekea dada yake mwiko mkononi.

"Songa," alisema. "Na leo usiugawe."