Mama Waya Apata Masafa Yake

Mama Waya alikuwa fundi redio. Alifanyia kazi sebuleni, karibu na dirisha. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake, aliyechoka kuokota vipande vya waya kwenye mchele.

Mwaka ule alijiundia redio ya kurusha sauti. Alisimamisha antena juu ya paa, akabonyeza kitufe.

"Haloo! Kuna anayenisikia?"

Kimya. Akaita tena na tena.

Baadaye mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, dereva wa gari la wagonjwa, jasho likimtiririka.

"Shemeji, ni wewe uliyekuwa unaita haloo, haloo?"

"Ndiyo! Umenisikia?" Uso ulimchanua.

"Nimekusikia kupita kiasi. Hospitali ilikuwa inanielekeza kwa mama anayejifungua. Sauti yako ikaifunika, nikapotea njia. Tushukuru tu, mama na mtoto wako salama."

Mama Waya alichomoa waya wa umeme palepale.

"Sikujua. Nilidhani hewa ni ya wote."

"Ni ya wote, ndiyo maana imegawanywa," alisema dereva akiketi. "Ndege zina masafa yao, polisi yao, sisi wa hospitali tuna yetu. Hata sisi tunaozungumza redioni kwa kupenda tu, kama mimi nikiwa nyumbani, tumetengewa mikanda yetu ya masafa. Mamlaka ya mawasiliano hutoa leseni. Unasoma, unafanya mtihani, unapewa jina la mwito. Ukiongea unajitaja, na huvuki mkanda wako."

"Mtihani? Mimi na shule tuliachana zamani."

"Redio umeiunda mwenyewe. Kitabu kikushinde?"

Akasoma. Mama mkwe alishika jiko huku akinung'unika. Mama Waya alifaulu. Mkaguzi akaja, akaipima redio, akatabasamu. "Kazi safi, fundi."

Siku ya kwanza ya leseni, alisikiliza kwanza, asije akamkatiza mtu. Mkanda ulikuwa wazi. Akataja jina lake la mwito, akaita.

"Nakusikia vizuri kabisa!" alijibu mwalimu mmoja kutoka nchi ya jirani. "Unatumia redio gani?"

"Nimeiunda mwenyewe," alisema Mama Waya, kifua mbele.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio.

"Nipe hicho kipaza sauti! Nimwambie huyo ni mkwe wangu!"

"Mama, huna leseni."

Bibi akavuta kiti, akakaa.

"Haya, kitabu kiko wapi?"