Kamera Iliyokuwa na Mtu Wake

Wapo watu wanaoisimulia habari hii kwa kuikosea, na mmoja alithubutu hata kuitia jini. Hakuna jini. Yaliyotokea yalimkuta mume wa dada yangu, na kamera yenyewe nimeishika kwa mikono hii. Mkitaka ukweli njooni kwangu. Mkitaka uongo pia njooni, maana nao ninao mzuri kuliko wao. Leo natoa ukweli.

Shemeji alikuwa mpiga picha za michezo. Walimwita Kigoti, kwa sababu umri wake wote aliumalizia akiwa amepiga goti pembeni mwa uwanja, mpaka magoti yakawa yanalia kama mlango wa choo cha shule kila akisimama. Kamera yake ilikuwa imechoka kumshinda yeye. Mpira ukiingia wavuni, yenyewe inaleta mgongo wa refa, tena una ukungu.

"Kigoti," mhariri alimwambia bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Jumamosi ni fainali ya riadha ya shule. Ukiniletea ukungu tena, mkuu wangu, baki nyumbani ulee wajukuu."

"Sina wajukuu."

"Basi utapata muda wa kuwasubiri."

Kamera mpya ya kazi hiyo haikamatiki kwa mshahara wa Kigoti. Akaulizia iliyotumika, akaelekezwa kwa mzee mmoja, mpiga picha mstaafu, aliyekuwa anauza ile kubwa inayofyatua picha mfululizo kama cherehani.

Sebule ya mzee ilikuwa imefungwa mapazia mchana kweupe. Ilikuwa na viti viwili tu. Kimoja alikalia mwenyewe. Kingine kilikuwa cha kitambaa cha bluu, kimebonyea katikati. Kigoti akakisogelea, magoti yanamwomba msamaha.

"Hicho hapana," mzee alisema taratibu. "Simama tu, mwanangu."

Akasimama, akaikagua kamera. Lenzi safi, betri nzima. Akachungulia. Kamera hizi zina akili kuliko baadhi ya mashemeji zangu: zikiona uso wa mtu zinauchorea kisanduku cha kijani, na mtu akikimbia, kisanduku kinamfuata ili picha isipate ukungu. Akamwelekezea mzee. Kisanduku kikatua usoni pake, kikatulia. Halafu kikaruka.

Kikaenda kukaa kwenye kiti cha bluu. Juu kidogo ya mgongo wa kiti. Pale ambapo kichwa kingekuwa.

"Inachezacheza," Kigoti alisema.

"Imechoka. Kama sisi."

Bei ilikuwa ya kutupa. Kigoti hakuuliza zaidi. Alikuwa amechoka hata kuuliza. Akaitundika begani, akaenda zake.

Kesho yake aliijaribu kwenye mechi ya mazoezi. Picha zilizotoka, bwana we! Nyasi unazihesabu moja moja, wachezaji ukungu mtupu. Kisanduku kilikuwa hakitaki mpira. Kila akikirudisha uwanjani kinatoroka, kinakwenda kwenye njia za kukimbilia zinazouzunguka uwanja. Njia tupu. Kinakwenda polepole. Kinarudi. Kinakwenda tena.

Kama mtu anayepasha misuli.

Ijumaa alirudi kwa mzee, amekasirika kwa kiasi ambacho mtu aliyechoka anaweza kukasirika. Mapazia yalikuwa wazi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha bluu.

"Mzee wangu, umeniuzia ugonjwa."

"Kaa," mzee alisema, akimwonyesha kile kiti kingine. "Kamera hiyo ina mahali pa kuhifadhi uso mmoja. Ukishauhifadhi, inaacha watu wote, inautafuta huo. Mle nilimweka binti yangu, nisimpoteze katikati ya wakimbiaji wenzake. Alinisumbua siku ile! Anacheka, anafumba macho, kamera inakataa. Haipokei uso uliofumba macho hata ufanyeje. Mpaka akatulia."

"Yuko wapi sasa?"

"Alianguka kona ya mwisho, akiwa anaongoza. Hakuamka."

Kigoti akatazama chini.

"Mbona hukuufuta?"

"Wewe ungeweza?"

Nje, jirani alikuwa anakung'uta mkeka.

"Humu ndani alikuwa anakaa tu," mzee alinong'ona. "Kutwa anakaa. Nikasema akienda na wewe, atapata uwanja."

Kigoti alirudi nyumbani, akamweleza dada yangu. Dada yangu si mtu wa maneno mengi, alimtazama, akasema, "Mtoto wa watu hana kosa. Lakini mhariri wako naye ana mdomo. Futa."

Asubuhi ya fainali, akiwa uwanjani, Kigoti aliufungua ule uso. Msichana mwenye macho makubwa, ametulia. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Akabonyeza. Mahali pale pakabaki peupe.

Na kamera ikapona! Kurusha mkuki, kuruka juu, kila picha kali kama wembe. Kigoti akaanza hata kupiga mluzi. Zikafika mbio za wasichana za mita mia nne. Njia ya nje ilikuwa tupu, aliyepangiwa hakutokea. Kigoti akapiga goti nyuma ya mstari wa kumalizia. Bastola ikalia.

Kisanduku kilimshika aliyeongoza. Vizuri kabisa. Mpaka kona ya mwisho.

Hapo kikamwacha.

Kikaenda njia ya nje. Kitupu. Hakikutembea safari hii. Kilikimbia. Kikampita wa tatu. Kikampita wa pili. Kigoti alijua sasa anafukuzwa kazi, lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe. Kikampita anayeongoza. Kikavuka mstari.

Hakikusimama.

Kilitoka kwenye njia, kikaja. Kikawa kikubwa. Kikubwa zaidi. Kikajaa kioo chote. Kigoti akasikia mtu anahema, karibu, mbele ya lenzi. Kioo kikaingia mvuke. Akafumba macho, kamera imemganda usoni, akasubiri.

Alipofumbua, watu walikuwa wanamshangilia msichana wa njia ya tatu.

Jioni, mhariri alizitazama picha bila kupumua.

"Kigoti, hii ni ya ukurasa wa kwanza! Hebu ngoja." Akasogeza uso kwenye kompyuta. Utepe wa kumalizia ulikuwa umekatika, ncha zake zinaruka hewani. Msichana aliyeshinda alikuwa bado hajaufikia mstari. "Huu utepe kaukata nani?"

"Upepo," Kigoti alisema.

"Siku ya leo? Hata bendera zimelala."

Picha ikatoka. Kazi ikabaki. Mzee alinunua gazeti, akalikata, akalibandika ukutani juu ya kiti chake.

Kigoti yeye alilala siku mbili. Siku ya tatu akanikabidhi kamera, akaniomba nifungue ile sehemu ya uso, kwa sababu yeye hataki tena kuitazama. Nikafungua, mimi nisiyeogopa kitu.

Hapakuwa peupe.

Alikuwa Kigoti mwenyewe. Amepiga goti nyuma ya mstari, amepigwa picha kutoka mbele, upande wa njia za kukimbilia. Mikono ameikunja usoni kama mtu aliyeshika kamera. Kamera haipo.

Na macho amefumba.